Msituambie "Jifunze Kamera Kwanza": Otofokasi ni Programu, na Programu Hukosea

Haya basi wadau, leo mnivumilie kidogo, kwa sababu nina jambo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki na sina budi kulitoa.

Wapiga picha wa kujifurahisha wakikutana kuonyeshana picha zao, dakika kumi haziishi kabla ya mmoja kusema: jamani, hii kamera yangu nikiielekeza kwenye jicho inalenga sikio. Au: nje kwenye jua haina neno, lakini nikiingia ndani kwenye balbu ya njano picha zote zina ukungu. Au: kidoa cha katikati ni sawa, kile cha kushoto hakiaminiki kabisa. Na kabla mtu hajaomba hata kuiona hiyo picha, anajitokeza mzee wa kundi (mzee wa umri au wa kujiteua mwenyewe) na kutoa ile hukumu tunayoijua sote: "Tatizo si kamera, tatizo ni aliye nyuma ya kamera. Jifunze kwanza." Watu wanacheka. Mwenye kamera anairudisha mkobani na mazungumzo yanahamia kwa mikoba na bei za lenzi.

Mimi nasema hukumu hiyo ni uvivu uliovishwa kanzu. Tena ni uvivu unaowafaidi watu fulani, na hao si wapiga picha.

Kazi yangu ni kuandika programu. Katika kazi hii kuna jibu moja linalochukiwa kuliko yote: mteja analeta kasoro, mwandishi wa programu anaangalia tarakilishi yake mwenyewe na kusema, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Mteja hakuuliza habari za kwako! Ameleta kasoro iliyo kwake, na kazi yako ni kuomba maelezo, kujaribu kuirudia, kisha kutafuta iko wapi. Hakuna kampuni ya programu inayojiheshimu ambayo ingemjibu mteja kwamba ajifunze kwanza kubonyeza. Basi kwa nini tunalikubali jibu hilo kwenye kamera, ambayo siku hizi ni tarakilishi yenye lenzi?

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wanaotoa hukumu hawajawahi kukifungua hata kwa mawazo. Nazungumzia DSLR, kwa sababu ndizo kamera zilizojaa mikononi mwa wanaoanza hapa kwetu, nyingi zikiwa za mtumba. Ndani yake kuna kioo kikubwa kinachotupa picha juu, mpaka kwenye jicho lako. Sehemu ya katikati ya kioo hicho inapitisha mwanga kidogo, na nyuma yake kimejificha kioo cha pili, kidogo, kinachoutupa mwanga huo chini, sakafuni mwa kamera, kwenye kihisi cha fokasi. Kihisi hicho hutazama kitu kimoja kupitia upande mmoja wa lenzi na kupitia upande wa pili, kisha hulinganisha picha hizo mbili. Umbali kati yake unaiambia programu kama lenzi imelenga karibu mno au mbali mno, na kwa kiasi gani. Programu inaiamuru mota ya lenzi izunguke kiasi hicho, kidoa kinawaka chekundu, kamera inalia "bip". Yote hayo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ni uhandisi mzuri ajabu na sina nia ya kuudharau.

Lakini tazama vizuri. Kihisi kinachopima fokasi si kile kinachopiga picha! Mwanga unafuata njia mbili: moja kwenda chini kupimwa, nyingine kwenda nyuma kupigwa picha baada ya vioo kuinuka. Kamera inaamini kwamba njia hizo mbili zina urefu sawa. Kioo kile kidogo kikikaa kombo kwa kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona, kamera italenga kwa uhakika wote, italia "bip" yake ya kukutuliza moyo, na itakuwa imekosea. Tena itakosea upande uleule kila mara, mbele au nyuma. Hakuna mazoezi ya mikono yatakayonyoosha kioo.

Halafu kuna hesabu ya kiwandani. Kila kiwanda hukubali mkengeuko mdogo, maana bila hivyo hakuna kitu kingetoka mlangoni. Mwili wa kamera uliokosea kidogo kuelekea mbele unapita ukaguzi. Lenzi iliyokosea kidogo kuelekea mbele nayo inapita. Vikutanishe sasa, makosa yanajumlishwa. Mwili huohuo ukiupa lenzi iliyokosea kuelekea nyuma, makosa yanafutana na mwenye nayo anaapa kwamba hajawahi kuona otofokasi nzuri kama hii. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na kamera za jina moja na lenzi za jina moja, mmoja akalalamika na mwingine akamshangaa, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Mzee wa kundi anapomwambia wa kwanza amtazame wa pili, anadhani ametoa ushahidi. Hajatoa chochote.

Na kwa nini malalamiko haya huanza pale mtu anaponunua lenzi yake ya pili? Wengi wetu tunaanza na ile lenzi inayokuja na kamera, ya 18-55. Kwenye upana wa 18mm na f/3.5, ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana wazi kwenye picha ni kama sentimita 40 na zaidi, kwa kamera yenye kihisi kidogo cha kawaida. Kamera ikosee sentimita tatu, nani atajua? Kisha unajinyima, unanunua ile 50mm f/1.8 ambayo kila mtu husifu. Umbali uleule wa mita moja, kwenye f/1.8, sehemu iliyo wazi inabaki kama sentimita 3. Kutoka kwenye jicho mpaka kwenye sikio ni mbali zaidi ya hapo. Kosa ambalo lenzi ya kwanza ilikuwa inalifunika kwa blanketi sasa limesimama uchi. Mpiga picha ni yuleyule na mikono ni ileile, ila sasa ana chombo kinachoonyesha.

Ongeza na idadi ya pikseli. Canon D30 ya mwaka 2000 ilikuwa na pikseli milioni 3. Canon 60D ya mwaka 2010 ilikuwa na milioni 18. Canon 5DS ya mwaka 2015 ilifika milioni 50. Ukikuza picha ya namna hiyo kwenye skrini mpaka pikseli moja kwa moja, unaona mambo ambayo mwenye kamera ya filamu hangeyaona bila kuchapisha picha ya ukubwa wa mlango. Wako wanaosema basi usikuze. Samahani, mliniuzia pikseli milioni 50 mkazitangaza kwa herufi kubwa, sasa mnaniambia nisizitazame?

Na balbu ya njano? Rangi mbalimbali za mwanga hazikutani mahali pamoja baada ya kupita kwenye lenzi, na kihisi cha fokasi hakizioni rangi kama kinavyoziona kihisi cha picha. Mwanga ukiwa umejaa rangi za njano na nyekundu, kipimo kinasogea. Wahandisi wanalijua hili na huweka hesabu ya kulisahihisha, na hesabu hiyo, kama hesabu zote, inaweza kupungukiwa. Wenye Pentax K-5 ya mwaka 2010 walilalamika sana kwamba kamera yao inalenga mbele kwenye mwanga hafifu wa balbu. Waliambiwa nini? Jifunzeni. Mwaka 2012 ikatoka K-5 II, na jambo kubwa lililotangazwa juu yake lilikuwa mfumo mpya wa fokasi unaofanya kazi kwenye giza zaidi. Lawama za wateja za jana zikawa tangazo la biashara la leo, na waliolalamika wakauziwa dawa kwa bei ya kamera mpya.

Sasa niwape kisa ambacho nadhani kingetosha kufunga mjadala huu tangu zamani. Mwaka 2007 Canon ilitoa EOS-1D Mark III, kamera ya wapiga picha wa michezo na wa magazeti, yenye uwezo wa kupiga picha 10 kwa sekunde. Si kamera ya mtoto wa chuo. Ilinunuliwa na watu ambao mkate wao unategemea kumnasa mwanariadha akija mbio. Baada ya muda mfupi Rob Galbraith, mpiga picha na mwandishi wa Kanada, akachapisha matokeo ya majaribio yake: kamera inashindwa kufuatilia kitu kinachokimbia, hasa kwenye jua kali na joto. Inashika fokasi, inaiachia, inaishika tena. Hakuishia kulalamika; aliweka picha kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kila mtu ajionee.

Mnadhani wazee wa kundi walikosekana? Walikuwepo! Wakasema mipangilio ya kamera ni migumu, watu hawajaielewa. Wakasema wao wanaitumia na haina tatizo (kwangu inafanya kazi!). Miezi ikapita. Kabla mwaka haujaisha, Canon yenyewe ikakubali kwamba kuna kasoro kwenye kile kioo kidogo nilichokieleza hapo juu, ikaita kamera zirudishwe zirekebishwe bure, na zikaja pia programu mpya za ndani za kuboresha otofokasi. Hebu fikiria ni wangapi walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo mibovu.

Mwaka 2012 ikawa zamu ya Nikon D800, kamera nzuri sana kwa mambo mengine yote. Wenye nazo wakagundua kwamba vidoa vya fokasi vya upande wa kushoto vinakosea wakati vya katikati vinalenga sawasawa. Waliokuwa na bahati ya kuishi karibu na karakana za kampuni walipeleka kamera zikarekebishwe. Mtu wa hapa anayeinunua kamera iliyopitia Dubai na mikono mitatu, bila karatasi ya dhamana, atampelekea nani? Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi kuliko wanavyoguswa wa Tokyo au New York. Wao wakikwama wana mlango wa kubisha. Sisi tunachohitaji ni ufunguo wenyewe.

Na ufunguo upo, wadau. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Tangu hiyo Mark III ya mwaka 2007, pamoja na Nikon D3 na D300 za mwaka huohuo, kamera kadhaa zimekuwa na ukurasa kwenye menyu unaokuruhusu kusahihisha fokasi mwenyewe: unachagua namba kati ya -20 na +20, kamera inaisogeza fokasi mbele au nyuma kwa kiasi hicho, na inaikumbuka kwa kila lenzi. Kwa lugha ya wenzangu wa programu, ni jedwali dogo lenye jina la lenzi na namba moja. Hakuna kifaa cha ziada, hakuna kioo kipya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuliandika.

Canon 50D ya mwaka 2008 ilikuwa nalo. Ilipokuja 60D mwaka 2010, likaondolewa! Mwaka huohuo Nikon wakaiuza D7000, kamera ya daraja lilelile, ikiwa nalo. Mwaka 2013 Canon ikatoa 70D, na kumbe, limerudi. Mimi nimeondoa vitu vingi kwenye programu katika maisha yangu ya kazi na najua sababu ambazo watu hutoa: kinamchanganya mteja, kinaongeza simu kwa huduma kwa wateja. Lakini kitu kinachofanya kazi, kisicho na gharama ya kukitengeneza upya, kikiondolewa kwenye kamera ya bei ya kati na kubaki kwenye ya bei ya juu, mimi nakiita kwa jina lake: ni kufuli la kukusukuma upande ngazi. Na zile za bei ya chini kabisa, yaani zile hasa ambazo vijana wetu wanaanza nazo, hazikuwahi kupewa.

Sasa linganisheni na watu wa Pentax. Ilipotoka K10D mwaka 2006, haikuwa na menyu hiyo. Lakini wapenda kamera hiyo wakagundua kwamba ukiweka faili dogo la maandishi kwenye kadi ya kumbukumbu, kamera inafungua menyu ya siri ya mafundi wa kiwandani, na ndani yake namba ya kusahihisha fokasi imo. Imekaa hapo muda wote! Mwaka 2008, K20D ikatoka ikiwa na marekebisho hayo kwenye menyu ya kawaida. Sigma nao, watengenezaji wa lenzi ambao kwa miaka mingi walilaumiwa kwa kila kosa la fokasi duniani, mwaka 2013 walitoa kidude cha USB unachokifunga nyuma ya lenzi na kuisahihisha kwa tarakilishi yako mwenyewe, kwa umbali wa namna nne tofauti. Tamron wakafuata na chao mwaka 2016. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani, na msiniambie ni hatari kumpa mteja. Waliompa mteja hawajafilisika kwa sababu hiyo.

Kuna pia waliofungua mlango kwa nguvu. CHDK iliwapa wenye kamera ndogo za Canon PowerShot uwezo wa kuhifadhi faili la RAW na kuandika hati za kuiendesha kamera, vitu ambavyo kiwanda hakikuvitoa kwenye kamera hizo. Magic Lantern, iliyoanza mwaka 2009 kwenye 5D Mark II, ilileta alama za rangi zinazokuonyesha kwenye skrini ni wapi pamekaa wazi. Vyote viwili vinakaa kwenye kadi ya kumbukumbu. Ukiitoa kadi, kamera inarudi kuwa ya kawaida. Ni kazi ya watu wa kujitolea waliokuwa wakipapasa gizani bila karatasi hata moja ya maelezo kutoka kiwandani. Kampuni ingetoa maelezo hayo tu, na kazi ingefanywa bure.

Najua hoja inayokuja. "Mohamed Amin hakuwa na otofokasi." Nimeisikia mara nyingi, na kwa mtu wa Kenya ni hoja nzito, maana ni nani atasimama kumjibu Mo Amin? Ni kweli. Alianzisha Camerapix mwaka 1963 mjini Dar es Salaam, na kazi yake ya miaka ya 1960 na 1970 yote aliifanya kabla ya Minolta 7000 ya mwaka 1985, SLR ya kwanza yenye otofokasi ndani yake iliyofanikiwa sokoni. Lakini hebu ichukueni SLR ya miaka ile muichungulie. Katikati ya kioo cha kuchungulia kuna duara lililogawanywa mara mbili: kitu kisipokaa sawa mstari unakatika, ukikilenga sawasawa mstari unaungana. Kifaa kile kilitengenezwa kwa ajili ya mkono na jicho la mtu. Kwenye DSLR duara lile limeondolewa. Skrini yake imetengenezwa iwe angavu hata kwa lenzi zenye tundu dogo, na kwa hiyo lenzi ya f/1.8 ukiitazama humo haikuonyeshi wembamba halisi wa fokasi yake. Unaona kitu kiko wazi na picha inatoka na ukungu. Walituondolea chombo cha kulenga kwa mkono, wakatupa mashine itulengee, mashine ikikosea tunaambiwa wazee wetu walilenga kwa mkono!

Na otofokasi haikuwa zawadi ya mtu kwa mtu. Mwaka 1992 Minolta ilikubali kuilipa Honeywell dola milioni 127.5 kumaliza kesi ya hataza za teknolojia hiyo. Pesa za namna hiyo hatimaye hutoka kwenye bei ya kamera. Anayelipa ana haki ya kuuliza kwa nini jicho lina ukungu.

Haya, nimewatetea walalamikaji vya kutosha, sasa niwageukie. Maana nanyi mnatuangusha! Mtu analeta picha aliyoipunguza mpaka pikseli 600, ameinoa kwenye programu ya kuhariri, ameikata pembeni, halafu anauliza kwa nini haiko wazi. Hiyo ni sawa na kuniletea picha ya skrini ya simu iliyopigwa kwa simu nyingine na kuniuliza programu yangu ina nini. Leta faili halisi, lilivyotoka kwenye kamera, likiwa na taarifa zake zote ndani: kasi, tundu la lenzi, ISO, na kwa kamera nyingi hata kidoa gani cha fokasi kilichotumika. Kasi ya sehemu ya 1/15 ya sekunde bila stendi? Hapo hatuna cha kujadili kuhusu otofokasi.

Na kabla hujaleta, itazame picha nzima. Kama hakuna kitu hata kimoja kilicho wazi, na kila nuru imevutwa upande mmoja, mkono wako umetikisika au mtu amesogea. Kama ukosi wa shati umekaa wazi kama wembe na jicho lina ukungu, hapo fokasi imeenda pengine, na sasa tuna la kuzungumza. Jambo hili pekee lingepunguza nusu ya kelele. Hapo mzee wa kundi angekuwa na haki ya kumrekebisha mtu, kwa sababu angekuwa ameitazama picha kwanza.

Kuhusu wale wa kupiga picha rula iliyolazwa kwa mshazari: nawapenda, lakini wengi wanajidanganya. Eneo ambalo kihisi cha fokasi kinalitazama ni kubwa kuliko kile kijimraba kilichochorwa unapochungulia, kwa hiyo kamera inaweza kushika mstari wa rula wa mbele au wa nyuma wakati wewe unadhani imeshika ule wa katikati. Bandika kipande cha gazeti ukutani, kamera kwenye stendi, imtazame ukuta uso kwa uso. Lenga kwa kuchungulia, piga, iharibu fokasi kwa mkono, lenga tena, piga; mara kumi. Kisha washa picha kwenye skrini ya nyuma na ulenge kupitia hapo, mara kumi nyingine. Ukilenga kwa skrini, kamera inapima kwenye kihisi kilekile kinachopiga picha, kwa hiyo kosa la vioo halimo. Kama za skrini zote ni kali na za kuchungulia zote ni hafifu, umeshinda kesi. Lenzi yako ni nzima, mikono yako ni mizima, kamera ndiyo imepotoka. Kama za kuchungulia zinabadilika-badilika, moja kali moja hafifu, namba ya kusahihisha haitakusaidia sana, maana huwezi kusahihisha kosa lisilo na upande.

Wengine mtasema haya yote yamepitwa na wakati. Kamera zisizo na kioo zimechukua soko, na nyingi kati yake zinapima fokasi kwenye kihisi chenyewe cha picha, kwa hiyo lile kosa la njia mbili halina pa kukaa. Kweli kabisa, na nafurahi. Lakini kasoro imehama nyumba tu. Siku hizi kamera inaamua yenyewe kipi ni mtu, kipi ni ndege, jicho ni lipi, na uamuzi huo unatoka kwenye programu iliyofundishwa kwa rundo la picha ambazo wewe na mimi hatujaonyeshwa. Picha za nani? Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za kampuni kubwa zinazotaja jinsia ya mtu kwa kumtazama uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Hizo hazikuwa programu za kamera, lakini zimepikwa jikoni kwa namna ileile, kwa kufundishwa na picha. Chukua uso mweusi, ukumbi wenye taa mbili, mkesha wa saa nne usiku, kofia inayotupa kivuli machoni. Hiyo ndiyo picha ya kawaida ya mpiga picha wa kwetu, na nani kiwandani anaipima hiyo? Kijana akija na mfululizo wa picha 30 ambamo kamera imemwacha bibi harusi na kushika maua ya plastiki nyuma yake, tafadhali msimcheke. Hesabuni ni mara ngapi, kwa mwanga gani, kwa mpangilio gani. Huo ndio upimaji ambao hakuna atakayetufanyia.

Kwa sasa lakini DSLR za mtumba bado zinauzwa, na mwisho wa mwezi mmoja wenu atakuwa pale Luthuli Avenue mkono ukiwa mfukoni. Beba gazeti. Mwombe muuzaji alibandike ukutani, weka lenzi yenye tundu kubwa kuliko zote alizonazo, egemeza kamera kwenye kaunta, fanya lile jaribio la kuchungulia na la skrini, mara tano tano zinatosha. Kuza mpaka herufi ndogo. Zikitofautiana, ingia kwenye menyu utafute yale marekebisho ya -20 mpaka +20. Kama yapo, punguza bei ununue. Kama hayapo, mrudishie. Na akikuambia tatizo ni wewe, mpe kamera alenge yeye.